Nina dakika tano na mkuu wa rasilimali watu, niseme nini?

«Shikamoo dada. Nasoma mwaka wa tatu, sosholojia, chuo kimojawapo hapa Dodoma. Wiki tatu kutoka sasa idara yetu imealika wakuu wa rasilimali watu kutoka ofisi na kampuni kama kumi. Wao watakaa kwenye meza, sisi tutazunguka, kila mmoja atapata kama dakika tano za kuongea. Mama yangu anauza karanga Manyoni, sina ndugu hata mmoja wa ofisini. Wenzangu wamegawanyika: wapo wanaosema bila koneksheni tunapoteza muda, na wapo ambao wameshachapisha nakala thelathini za CV. Kiingereza changu kinakatika nikishikwa na woga, na mbele ya watu wakubwa hata Kiswahili kinanipotea. Nijiandae vipi? Niombe kazi moja kwa moja? Na nikipewa namba ya simu, nifanye nayo nini?»

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenikaa moyoni tangu juzi, kwa sababu ni la watu wengi ambao hawajapata ujasiri wa kuliandika. Nikilipunguza maneno, unaniuliza hivi: mtu asiye na mtu anaongea nini na mwenye ofisi? Nitakujibu kwa kirefu, na pale wenzako walipokupotosha nitasema wazi.

Nimefanya kazi hii miaka 17. Nilianza kama afisa utumishi kwenye halmashauri moja ya Kanda ya Kati, baadaye nikahamia kampuni binafsi hapa mjini. Upande ule wa meza nimeukalia mara nyingi, kwa hiyo nakueleza yanayoonekana kutokea huko.

Jibu langu fupi ni kwamba usiende kuomba kazi. Nenda kuuliza habari za kazi, na umwachie mgeni wako jambo moja kukuhusu ambalo atalikumbuka akiwa njiani kurudi. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Najua utaniuliza: wamekuja watu wa ajira, nisiwaombe ajira? Fikiria kwanza wana nini mkononi siku hiyo. Dodoma ndiyo makao makuu, kwa hiyo bila shaka baadhi ya wageni wenu watatoka wizarani, kwenye taasisi za umma au halmashauri. Hao hawatembei na nafasi mfukoni. Ajira nyingi za utumishi wa umma zinapita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: tangazo linatoka, unaomba kupitia tovuti yake ya Ajira Portal, unaitwa usaili wa mchujo, ukipita unaitwa usaili wa mahojiano, na waliofaulu wakakosa nafasi majina yao huhifadhiwa kwenye kanzidata. Afisa utumishi wa wizara hawezi kukuingiza humo kwa sababu mmeongea vizuri. Ukimwomba kazi umemwomba kitu ambacho hana. Na akikuambia anayo «njia», hapo ndipo uanze kuogopa. Nitarudi kwenye hilo.

Kwa kampuni binafsi na mashirika, mambo yanatofautiana kidogo. Nafasi hufunguka pale mkuu wa kitengo fulani anapohitaji mtu na fedha zipo. Sisi wa rasilimali watu tunatangaza, tunachuja, tunapanga usaili, tunaangalia sheria. Mara nyingi anayesema «nampenda huyu» ni yule bosi wa kitengo ambaye siku hiyo hata hatakuwepo ukumbini. Kwa hiyo ukikaa mezani na kuanza na «naomba kazi», jibu la kweli nililonalo ni «kwa sasa hakuna», na jibu la adabu ni «acha CV yako, tutakuangalia». Yote mawili yanamaliza mazungumzo. Nimeyatoa yote mawili, na nimeona uso wa kijana ukishuka, na dakika nne zilizobaki tukazikalia kimya kama watu waliogombana.

Lakini mgeni yuleyule asiye na nafasi ana vitu vingine ambavyo anaweza kukupa palepale, na anavitoa kwa furaha. Chukua mfano wa kwako. Mhitimu wa sosholojia anafungua matangazo, anatafuta neno sosholojia kwenye kichwa cha tangazo, halioni, anafunga. Wakati huohuo tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II liko pale, na sosholojia imetajwa ndani, kwenye sifa za mwombaji. Afisa utumishi anayajua majina ya kada kama unavyowajua wateja wa mama yako. Anajua pia kwamba matangazo ya Sekretarieti husema hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, wanataka vyeti vyenyewe. Je, cheti chako cha kidato cha nne unacho, au kipo bado kabatini kwa mkuu wa shule? Na jina lililo juu yake linafanana na lile la cheti cha kuzaliwa na la NIDA? Nimeona vijana wazuri wakikwama kwa herufi moja. Mambo kama hayo huyasikii darasani, na dakika tano zinatosha kabisa kuyasikia.

Sasa hilo la koneksheni, maana ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Sikatai kwamba upendeleo upo. Nimewahi kuletewa jina kwenye kikaratasi, na nisingekuwa mkweli kama ningekuambia mlango uko sawa kwa wote. Ila wenzako wanachanganya undugu na kufahamiana, na vitu hivyo viwili vinafanya kazi tofauti. Unasoma sosholojia, kwa hiyo huenda umeshakutana na jina la Mark Granovetter. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mwanasosholojia huyo wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa kama asilimia 17 tu. Kama asilimia 56 walisema mara mojamoja, na kama asilimia 28 walisema kwa nadra.

Watu wale walikuwa wachache na walikuwa wa mji mmoja karibu na Boston, kwa hiyo usizibebe namba hizo kama sheria. Mwaka 2022, hata hivyo, yalichapishwa majaribio yaliyogusa watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na ajira, nayo yakaelekea hukohuko: waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa kufahamiana kiasi, kuliko wale wa karibu kabisa. Na sababu aliyoitoa Granovetter inasimama hata Manyoni. Watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Rafiki unayelala naye chumba kimoja anasoma tangazo lilelile kwenye kundi lilelile la WhatsApp. Mtu mliyeongea mara moja, anayekaa mahali pengine, ndiye anayejua kitu ambacho kwenu hakijafika. Kwa hiyo huyo mgeni wa dakika tano, ambaye unadhani hana faida kwa kuwa si mjomba wako, ndiye hasa aina ya mtu anayekupungukia. Hatakupa kazi. Anaweza kukwambia neno moja ambalo mjomba asingelijua.

Sasa nikuonyeshe meza yangu ilivyo saa kumi jioni. Kuna chupa ya maji iliyobaki robo, kalamu ambayo si yangu, na bahasha ya kaki iliyofura kwa CV. Zote zimeanza na maneno yaleyale: mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Naifunga bahasha, naingia kwenye gari, na tukifika barabara ya lami dereva ananiuliza, «Vipi, umepata vijana?» Hapo ndipo kichwa changu kinachuja chenyewe. Wanaokuja ni wawili, labda watatu. Sina majina yao. Nina «yule kijana aliyesimulia lumbesa» na «yule binti wa visima».

Kijana wa lumbesa namkumbuka mpaka leo. Alikuwa amefanya mazoezi ya vitendo karibu na soko la mahindi la Kibaigwa. Hakuniambia kwamba ana ujuzi wa kukusanya takwimu. Aliniambia alisimama siku nzima kwenye mzani, akaona gunia linaloitwa la kilo mia likipita kilo mia, lile lililojazwa likavimba juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima akilipwa kama gunia la kawaida. Akaandika uzito wa kila gunia lililopita mbele yake mpaka karatasi ikaisha, akageuza akaandikia nyuma. Alikuwa na karatasi yenyewe, imekunjwa mara nne, ina alama ya chai pembeni. Nilimuuliza, «Uliifanyia nini hii karatasi?» Akasema aliipeleka kwa msimamizi wake, msimamizi akaiweka mezani, na hakujua kilichofuata. Hakuongeza chumvi. Ule ukweli wa mwisho ndio ulionifanya nimwamini kwenye yote ya mwanzo.

Ndiyo maana nakuambia, katika wiki hizi tatu kazi yako kubwa ni kutafuta simulizi moja ya namna hiyo kutoka kwenye maisha yako. Moja tu. Nina hakika unayo, na nina hakika unaidharau kwa sababu imetoka nyumbani. Umenitajia karanga za mama yako kama vile ni aibu ya kuombea radhi. Tuseme, kwa mfano, na iwe hivyo tu kama ni kweli, kwamba unaweza kusema hivi:

«Kila likizo namsaidia mama kuuza karanga Manyoni. Mwaka jana tuliona wateja ni walewale lakini mtaji unapungua. Nikaanza kuandika kila anayekopa kwenye daftari, jina na siku aliyoahidi kulipa. Baada ya miezi miwili tukakuta wanaochelewa ni watu wanne, wakati sisi tulidhani ni wote. Wawili mama aliacha kuwakopesha, wawili tukapatana walipe siku ya mnada. Bado kuna anayechelewa, ila sasa tunajua ni nani na anadaiwa ngapi.»

Soma hayo kwa sauti uone, hayafiki dakika moja. Mimi nikiyasikia, nasikia mtu aliyeona tatizo kabla ya kuambiwa, akaandika badala ya kukisia, akagundua kwamba alichodhani hakikuwa kweli, akachukua hatua ndogo iliyokuwa ndani ya uwezo wake, na hakudai kwamba alimaliza kila kitu. Hiyo ndiyo sosholojia, mdogo wangu, na imefanyika kwenye jamvi la karanga. Kama ya kwako ni ya mazoezi ya vitendo kwenye ofisi ya kata, au ya kwaya, au ya kugawa zamu za maji bwenini, ni sawa. Iwe na kitu kinachoshikika ndani yake: daftari, mzani, idadi, siku. Na iwe kweli, kwa sababu swali langu la pili litaingia ndani, na uongo una mlango mmoja tu.

Ukishaipata, nenda kwa katibu wa idara umwombe orodha ya wageni. Usijiandae kwa wote kumi. Chagua watatu. Kwa kila mmoja jua wanafanya nini hasa, wanafanyia wapi kati ya Dodoma na Singida, na tafuta tangazo lao la kazi la zamani ulisome kama unavyosoma swali la mtihani: wanataka nini kwanza, wanarudia neno gani. Saa moja kwa kila mgeni inatosha. Wale saba waliobaki, ukipata nafasi wasalimie na usikilize wenzako wakiongea nao. Utajifunza kwa makosa yao bila kulipia.

Maswali ya kuuliza nakuachia uyatunge, kwa sababu swali la kukariri linasikika kuwa la kukariri. Ila mimi napenda kuulizwa hivi: kijana aliyeanza kwenu karibuni kwenye nafasi kama hii, wiki yake ya kwanza alifanya kazi gani? Au: maombi mnayoyaweka pembeni mara nyingi yana kosa gani? Ukiniuliza hilo la pili, utanisikia nikiongea mpaka muda uishe. Swali la mshahara liache siku hiyo. Swali la «mna nafasi?» nalo liache, ila mwishoni kabisa unaweza kuuliza kama wanapokea vijana wa mazoezi ya kazi baada ya kuhitimu na utaratibu wake ukoje. Hilo ni ombi la haki na lina jibu.

Na kuna ombi moja ambalo naliona kuwa bora kuliko yote, lakini wanafunzi karibu hawalitumii. Mwombe akuunganishe na mfanyakazi wao aliyeanza miaka miwili au mitatu iliyopita, uongee naye hata robo saa. Nasema hivi nikijua napunguza heshima ya meza yangu mwenyewe. Mimi nitakueleza taratibu, ila yule kijana atakueleza siku inavyokwenda: anafika saa ngapi, nani humtuma, ni kitu gani alikisoma chuoni hakijamsaidia, na kipi angekisoma zaidi. Kama ningekuwa na binti wa umri wako ningempeleka kwa yule kwanza.

Tuje kwenye woga. Wengi wetu tumelelewa kukaa kimya mbele ya mkubwa mpaka tuulizwe, na ni malezi mema, usiyatupe. Shida ni kwamba pale mezani mgeni anakusubiri wewe uanze, na wewe unamsubiri yeye, na kila mmoja anadhani anamheshimu mwenzake. Kwa hiyo anza. Akiwa rika la wazazi wako mwamkie shikamoo bila wasiwasi. Sijamwona mkuu wa rasilimali watu aliyemshusha mwanafunzi kwa shikamoo. Akiwa kijana, «habari za kazi» inatosha. Mkono usiutangulize, subiri yeye autoe, kwani wapo ambao kwa dini yao hawashikani mikono na jinsia nyingine. Kisha jina lako, unasoma nini, na moja kwa moja kwenye swali au simulizi.

Sentensi hiyo ya kwanza tu ndiyo uikariri. Woga huja na kishindo chake mwanzoni: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na pumzi ikiwa fupi sauti inakatika. Kabla hujakaa, vuta pumzi kisha uitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Mapigo ya moyo hushuka. Ukishaisema sentensi ya kwanza bila kukwama, mara nyingi nyingine zinafuata.

Na ujizoeze kwa mdomo. Kusoma kimya kunadanganya, unahisi unajua kumbe hujawahi kuyatamka maneno hayo. Jirekodi kwenye simu, usikilize, utaona pale unapokimbia. Kisha tafuta watu wazima watatu usiowazoea, mmoja kila wiki, uongee nao kwa dakika tano: mkutubi, mtendaji wa mtaa unaokaa, mama mwenye duka la vifaa vya ofisi. Waulize kuhusu kazi yao. Siku ya wageni itakuwa mara ya nne.

Kuhusu Kiingereza nitakuwa mkweli pande zote mbili. Kwa mazungumzo haya, Kiswahili kinatosha kwa wageni wengi, na ukianza nacho vizuri hakuna atakayekudharau. Kilichonichosha mimi ni kijana anayelazimisha Kiingereza asichokimudu, maana anatumia nguvu zote kutafuta neno na simulizi yake inafia njiani. Lakini yapo mashirika na kampuni ambako ripoti na barua pepe ni za Kiingereza, na huko hutakwepa. Kwa hiyo iandae simulizi yako kwa lugha zote mbili, ile ya Kiingereza iwe ya sentensi fupifupi. Mgeni akianza kwa Kiingereza, mfuate. Ukikwama sema «naomba nimalizie kwa Kiswahili», umalizie. Halafu baada ya hapo endelea kujifunza.

CV chapisha nakala tano, ziweke kwenye faili, na usimpe mtu mpaka aulize. Nguo usikope fedha kwa ajili yake. Safi, iliyopigwa pasi, inayokuruhusu kukaa bila kuivutavuta. Vumbi la kwetu unalijua, beba kitambaa ufute viatu mlangoni.

Muda ukikaribia kuisha, usingoje ufukuzwe. Shukuru, kisha uliza: «Naomba njia ya kukuandikia, kama hutajali, niweze kukupa mrejesho?» Akikupa barua pepe badala ya namba, usijisikie vibaya, ndivyo wengi tunavyopendelea. Ukitoka tu, simama pembeni uandike kwenye daftari mambo mawili aliyosema. Kufikia mgeni wa tatu utakuwa umeshawachanganya wote.

Namba ya simu ni amana. Usibipu. Usipige bila kuomba kwanza. Usiandike «mambo» ukasubiri ajibu, wala usimwingize kwenye orodha ya watu unaowatumia salamu za Ijumaa na Jumapili. Andika ujumbe mmoja uliokamilika, kesho yake, saa za kazi. Kwa mfano:

«Shikamoo mama. Mimi ni yule mwanafunzi wa sosholojia wa daftari la karanga, tuliongea jana chuoni. Nashukuru kwa kunieleza kuhusu majina ya kada. Jana usiku nimesoma matangazo mawili ya nyuma ya Afisa Maendeleo ya Jamii, na nimeshampigia mwalimu wangu wa sekondari kuhusu cheti. Nakutakia siku njema.» Mwishoni jina lako kamili.

Angalia, ujumbe huo hauombi kitu. Unaonyesha kwamba alichosema kimefanyiwa kazi, na kwangu hakuna kinachoshinda hicho. Asipojibu, mara nyingi ni kwa sababu ana mambo mengi, wala hajachukia. Baada ya miezi miwili ukiwa na habari ya kweli, kwamba umehitimu au umepata pa kujitolea, mwandikie tena. Akinyamaza mara ya pili, mwache kwa heshima.

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Yeyote atakayekuomba fedha ili «akusogeze», kuanzia ya fomu hadi ya chai, hana kazi ya kukupa. Yeyote atakayetaka muendelee na mazungumzo jioni, baa au kwenye nyumba ya wageni, acha, hata kama ofisi yake ni kubwa kiasi gani. Kuomba ngono ili kutoa ajira ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, usiufute kwa hasira, na upige TAKUKURU namba 113, ni bure. Mwambie pia mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, uso kwa uso, iwe mlezi wa wanafunzi au mhadhiri. Usilibebe peke yako, na usijiulize ulivaa nini.

Na mtu akikuuliza kama umeolewa, una mimba, au ni kabila gani kwa namna ya kupima kama unafaa, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Huna haja ya kubishana naye mezani. Jibu tu, «Ningependa tuzungumzie kazi,» urudi kwenye swali lako.

Jambo jingine linalohitaji mtu wa ana kwa ana ni woga wenyewe, kama ni mkubwa kuliko ulivyouandika. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Lakini kama hulali siku kadhaa kabla ya kuwasilisha darasani, kama unakwepa vipindi ili usiulizwe, kama kifua kinakubana mpaka unadhani utaanguka, hilo mimi sitaliweza kwa maandishi. Muone mshauri nasaha wa chuo, na akikuelekeza hospitali nenda. Ni tatizo linalotibika, na wiki tatu ni muda wa kutosha kuanza.

Nisikufiche pia kwamba unaweza kufanya yote haya na siku ile usipate kitu. Wageni watatu uliowachagua wanaweza wasije, au wakaja wamechoka. Kwa hiyo usiweke mayai yote ya msimu kwenye ukumbi ule. Ajira Portal iangalie kila wiki bila kujali wageni, na anza sasa kutafuta mahali pa kujitolea baada ya mtihani wa mwisho, hata karibu na nyumbani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu Manyoni ni mahali pazuri pa kubisha hodi, ukiwa na barua ya chuo.

Kwa leo anza na daftari. Ukurasa mmoja, andika simulizi yako kama unavyomsimulia mama yako, kisha msomee yeye mwenyewe kwa simu. Atakurekebisha pale uliposahau, tena atakuambia ni gunia ngapi na mwaka gani. Ukishamaliza nitumie, nitaisoma na kukuandikia pale ambapo mimi, nikiwa nimekaa kwenye ile meza, ningekuuliza swali la pili.